Nives na Bendi Isiyochezeka

Kwetu huku bondeni, kando ya mto Po wa Italia, mtu asiyejua kucheza dansi anatazamwa kwa huruma, kama aliyekatazwa nyama ya nguruwe na daktari. Nives Ferrarini hakuwahi kuhurumiwa. Mama yake, Argia, alikuwa akisema binti huyu alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa anangoja apigiwe valsi kwanza. Alipofikia umri wa kwenda ukumbini Jumapili alasiri, vijana waligombea kumwinua kitini, naye hakuangalia sura wala mali, aliangalia miguu. Mwana wa mwenye kiwanda cha matofali alipoteza hatua katikati ya polka, na pikipiki yake mpya haikumsaidia kupewa nafasi nyingine.

Ndiyo maana watu walishika vichwa alipokwenda kumpenda mpiga ngoma.

Vainer Bigliardi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha jibini, kijana mpole mwenye mikono mipana kama sepetu, anayeamka kabla ya jogoo na kunukia maziwa hata siku ya sikukuu. Jumapili alipiga ngoma katika ukumbi wa parokia pamoja na wenzake wanne, wote wamevaa sweta za shingo ndefu zinazofanana, kwenye joto la Juni. Kiongozi wao alikuwa Ermes Soliani, mwana wa mwenye duka la dawa, mpiga kinanda na mwimbaji. Walipiga nyimbo za Kiingereza ambazo maneno yake hayakueleweka kwa msikilizaji wala kwa mwimbaji. Lakini zilichezeka, na Nives alizicheza mbele kabisa ya jukwaa mpaka nywele zikamganda usoni. Hapo ndipo alipogundua kwamba yule wa nyuma, mwenye vijiti, hamtazami usoni kama wenzake. Alikuwa anatazama miguu yake.

Walipopumzika alimfuata, akamuuliza amepoteza nini huko chini. Vainer akawa mwekundu mpaka masikioni, akamwambia kwamba akiitazama miguu yake hapotei. Nives alikuwa ameshasifiwa macho, kiuno, na hata mapishi ya mama yake, lakini kuambiwa kwamba bendi nzima inaongozwa na visigino vyake ilikuwa mara ya kwanza. Akamuuliza ni lini atashuka wacheze wote wawili.

"Siku moja nitashuka," Vainer alisema.

Vainer hakuwa mtu wa uongo, hilo bonde zima linalijua. Nives akangoja.

Alidhani siku yenyewe ni ya harusi. Kwetu bwana na bibi harusi ndio wanaofungua dansi, na Ermes alikuwa ameshatafuta mpiga ngoma wa kukodi kutoka Guastalla ili Vainer awe huru. Bahati mbaya mgeni yule alipendezwa mno na divai yetu ya Lambrusco, na bwana harusi kwa ukarimu wake alimjazia bilauri kila ilipopungua. Saa ya valsi ilipofika, mtu alikuwa amelala juu ya kitambaa cha meza. Vainer akavua koti la harusi, akaketi nyuma ya ngoma, na Nives akafungua dansi na mjomba wake Primo, aliyenuka sigara na kumsimulia bei ya nguruwe tangu mwanzo hadi mwisho. Alicheza vizuri, kwa sababu kucheza vibaya hakujui. Lakini walipobaki peke yao alilia kidogo, na Vainer akamwomba radhi kwa unyonge mpaka ikabidi bibi harusi ndiye ambembeleze bwana.

Haukupita muda Ermes akarudi kutoka Bologna, alikokuwa akisomea ufamasia. Alirudi bila shahada, ila na nywele za kufika mabegani, kinanda kikubwa kama kabati la nguo, na wazo. Hilo wazo ndilo lililokuwa la hatari. Alisema nyimbo fupi za kuchezacheza zimepitwa na wakati, na kwamba bendi sasa itapiga muziki wa kufikiri. Jina nalo likabadilishwa: wakaitwa L'Argine del Re Sordo, yaani Tuta la Mfalme Kiziwi. Utani ulianza siku hiyohiyo, kwamba kwenye maonyesho yao mtu pekee wa kuonewa wivu ni huyo mfalme.

Walifanyia mazoezi katika banda la nguruwe la baba yake Vainer, baada ya nguruwe kuhamishwa. Argia alidai nguruwe walihama kwa hiari yao. Wimbo wao mkuu ulikuwa wa Mfalme Kiziwi mwenyewe, anayesikia mafuriko yanakuja kwa nyayo za miguu, na ulijaza upande mzima wa santuri. Ulianza kwa filimbi, ukanyamaza, ukanguruma, ukasali kama misa, halafu ukakimbia. Tena ulikwenda kwa mapigo saba. Valsi ni tatu, polka ni mbili, hilo hata ng'ombe analielewa. Saba ni habari nyingine.

Kwenye onyesho la kwanza vijana waliketi chini kwenye nyasi, wamefumba macho kama wanaombewa. Nives peke yake alisimama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya dansi, maana hakuwahi kwenda kumsikiliza Vainer na viatu vingine. Akaanza vizuri, akageuka, na mwisho wa duru akajikuta ana mguu mmoja wa ziada ambao hana pa kuuweka. Akajaribu tena, mguu ukabaki tena. Akaketi na wengine, akavua viatu, akawachukia wafalme wote.

"Mwanangu, umeolewa uke wenza," Argia alimwambia jikoni, huku akikunja cappelletti, vile vitambi vya unga vyenye nyama ndani. "Mwenzio ana ngozi kavu na tumbo kubwa, lakini ndiye anayeshinda mikononi mwa mumeo."

Nives alicheka, kisha akarudi kwenye mashine yake ya kufuma. Siku hizo karibu kila nyumba ya kwetu ilifuma sweta kwa ajili ya wafanyabiashara wa Carpi, na mashine yake ilikwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama kitu chenye akili timamu.

Santuri ilitoka, na jalada lake lilichorwa na binamu yake Ermes: mfalme mwenye samaki wa mkunga sikioni. Gazeti moja la Milano lilisema huu ni muziki wa kesho. Kesho ilipofika nayo haikuununua. Maboksi ya santuri yakarudi bandani, na Argia akachukua mawili kuegemeza meza ya kutengenezea soseji iliyokuwa ikiyumba. Alikiri kwamba hapo muziki ule ulifanya kazi ya maana. Vainer hakulalamika. Lakini siku moja Nives alimkuta akifuta vumbi boksi la juu kwa mkono wa shati, taratibu, namna anavyofuta magurudumu ya jibini kwenye rafu, na akajuta kwa kila neno alilowahi kumsema nalo Mfalme.

Miaka ikaenda, na Ermes akawa anabadilisha muziki kama wengine wanavyobadilisha mapazia. Kwanza zilikuja suruali za kumetameta na mdundo mmoja usiokatika, wa kuchezea chini ya taa za rangi. Nives alifurahi, akaucheza na binamu yake Loretta, kwa kuwa kwetu wanawake kucheza wawili-wawili si ajabu waume wakiwa baa. Kisha ukaja muziki wa mapenzi wenye kilio kingi cha kinanda. Kila sauti ilipobadilika, Vainer alimwahidi kwamba hii sasa ndiyo, wenzake wakishaizoea atashuka. Na kila mara palitokea sababu: mpiga besi ameondoka, mpya hajashika njia, hakuna mwingine wa kushika vijiti. Nives hakuweza kugombana na sababu zile kwa sababu zote zilikuwa za kweli.

Siku moja Ermes akaingia na kisanduku chenye vitufe. Ukikibonyeza kinapiga ngoma chenyewe, hakichoki, hakili, hakidai nauli. Akakiweka juu ya meza ya jikoni.

"Shemeji, nimekuletea mumeo," alisema. "Kuanzia Jumapili yuko huru. Mcheze mpaka soli za viatu ziishe."

Nives akakisogelea. Akabonyeza kitufe cha valsi, na kisanduku kikaanza valsi pale pale, bila makosa, juu ya unga uliomwagika mezani. Kisha akamtazama Vainer. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake mikubwa inaning'inia, haijui iende wapi, na rangi imemtoka usoni. Alitoka akaelekea bandani, na baada ya muda wakasikia ngoma kubwa ikipigwa polepole, pigo moja moja, kama mtu anayeuliza swali asilotaka kujibiwa.

Katika nyumba ile hakikuwahi kuingia kitu alichokitamani Nives kuliko kile kisanduku. Akakizima, akakifunga kwenye gazeti, akamtia Ermes mikononi.

"Kirudishe ulikokinunua, shemeji. Nyumba hii mpiga ngoma ni mmoja."

Hakumweleza Vainer alichofanya, na Vainer hakuuliza kisanduku kimekwenda wapi. Ila kwa wiki nzima alimletea kahawa kitandani, jambo lililomtia Argia wasiwasi kwamba kuna mtu anaumwa.

Hatimaye njaa ikaifundisha bendi adabu. Ermes alirithi duka la dawa pamoja na mfamasia wa kuajiriwa aliyesoma kwa niaba yake, akanyoa nywele, akanunua kodiani. Mfalme Kiziwi akavishwa kizibao chekundu na kupiga valsi, mazurka na polka kama bendi zote za bonde. Kiangazi walipiga karibu kila jioni, kwenye sherehe za vyama na sherehe za watakatifu, penye harufu ya unga unaokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa Nives ilikuwa neema iliyochelewa. Alicheza na mchinja nyama, na meya, na daktari wa mifugo, na wajane waliompangia foleni. Alizeeka huku anacheza, akanenepa kidogo, na miguu haikupewa taarifa. Wanawake wenzake walimwambia ana bahati, hakuna mke bondeni anayepigiwa ngoma na mumewe namna ile. Alikubali kwamba ni kweli. Lakini wimbo ukiisha, kila mwanamume aliyemrudisha kitini alikuwa mume wa mtu mwingine, na hilo lilimuuma kila mara, hata alipokuwa bibi mwenye wajukuu.

Vainer alikuwa ameshastaafu kiwandani alipofika bwana mmoja kutoka Torino, mwenye ndevu na duka la santuri za zamani, akiuliza kama hapa ndipo kwa Tuta la Mfalme Kiziwi. Alisema huko Japani kuna watu wanaitafuta santuri ile kwa tochi mchana. Alitaka kuitoa upya, na pamoja nayo arekodi onyesho moja, bendi ikiupiga wimbo mkuu kama zamani. Alipoonyeshwa maboksi chini ya meza ya soseji alipiga magoti sakafuni, na Argia, ambaye wakati huo alikuwa mkongwe wa kushikwa mkono, akamuuliza kama ameangusha meno.

Wazee wakarudi bandani. Lakini saba ilikuwa imewatoka. Waliuanza wimbo kwa saba na kila walipofika kona ileile wakajikuta wanapiga mazurka, tena kwa furaha, maana vidole vyao vilikuwa vimeshafunga ndoa na dansi. Ikabidi Ermes ahesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea, akimpiga mpiga besi begani kwa karatasi ya muziki. Nives aliwapelekea soseji na mkate, akacheka mpaka machozi.

Kicheko kilikatika kwa daktari. Goti la kulia la Vainer, lililobonyeza pedali ya ngoma kubwa maisha yake yote, lilikuwa linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari alisema limekwisha. Baada ya onyesho hili ngoma aziage, na dansi asiiwazie kabisa.

"Dansi sijawahi kuiwazia, daktari," Vainer alisema, akidhani ametania.

Nives, aliyeketi kando yake, hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitazama dirishani. Alikuwa ameshajiambia kwamba siku mumewe atakapoziacha ngoma, siku hiyo atakuwa wake sakafuni, na alikuwa tayari kuingoja. Sasa ngoma zilikuwa zinaachwa, na goti linakwenda nazo. Kama hatacheza naye Jumapili ile ya onyesho, hatacheza naye tena.

Mwenye ukumbi hakukubali kufuta dansi ya Jumapili alasiri kwa ajili ya mfalme yeyote, kwa hiyo wageni wa bwana wa Torino, vijana wenye fulana nyeusi, waliingia wakawakuta wazee wa bonde katikati ya dansi ya ufagio. Sheria yake ni nyepesi. Asiye na mwenzi anacheza na ufagio. Akimwona anayemtaka, anamkabidhi ufagio yule anayecheza na huyo na kumchukua, na aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kukataa. Muziki ukikoma, aliyebaki na ufagio anawanunulia wenzake divai. Siku hizi wanaume wamepungua, kwa hiyo wanawake nao wanaushika. Muziki ulipokoma ufagio ulikuwa mkononi mwa Nives, na Loretta anaapa mpaka leo kwamba haikuwa bahati mbaya. Nives akanunua divai. Ufagio hakuurudisha.

Bendi ikapanda. Mfalme Kiziwi akaanza kwa filimbi, akanyamaza, akanguruma, na wazee hawakuponyokea kwenye mazurka hata mara moja. Vijana waliketi sakafuni wamefumba macho. Wazee wa ukumbi waliketi kwenye viti kando ya kuta, mikono kifuani, wakingoja upuuzi upite. Katikati ya wimbo ule pana sehemu ndefu ambayo ngoma hazipigwi: kinanda, filimbi na besi vinazunguka peke yao, bado kwa saba, na mpiga ngoma anakaa tu mpaka zamu yake irudi. Vainer akaweka vijiti mapajani.

Nives akasimama. Akavuka sakafu katikati ya fulana nyeusi, akapanda ngazi za jukwaa na ufagio mkononi. Ermes alimwona, mdomo ukamfunguka, lakini mikono ikaendelea na kazi. Nives akaulaza ufagio juu ya ngoma, kutoka upande hadi upande, akaziambia asante, kisha akamnyooshea mumewe mkono. Kwenye viti vya kando wazee waliielewa sheria mara moja, na kicheko kikazunguka kuta zote za ukumbi. Vijana walidhani ni sehemu ya wimbo.

Vainer hakusimama. Alikuwa ameshika kiti chake kwa mikono yote miwili.

"Goti," alisema.

"Goti nitalibeba mimi."

Vainer akainama kumsogelea, ili Ermes asisikie. "Nives, sijui kucheza. Sijawahi kujua. Tangu utoto miguu yangu haielewi kitu. Nilikwenda kwenye ngoma ili nisiulizwe."

Nives alimtazama. Miaka yote ile alikuwa amejiambia kwamba mumewe anazipenda ngoma kuliko anavyompenda yeye. Alikuwa amezionea wivu, amezipisha, amezitetea hata jikoni kwake, na kumbe uke wenza haukuwapo. Alikuwapo mwanamume mwenye aibu, aliyeoa mwanamke anayecheza kuliko wote bondeni, akajificha nyuma ya kitu chenye kelele. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwa haki yake. Lakini alimwona anavyotetemeka mdomo, mzee mzima, na huruma ikaiwahi hasira.

"Huu ni saba, mzee wangu," alimwambia. "Hakuna mtu chini ya jua anayejua kuucheza. Hata mimi ulinishinda. Wewe hesabu tu."

Hilo aliliweza. Akainuka, goti likalia, wakashuka ngazi wameshikana kama watu wanaovuka maji. Vijana wakasogeza miguu kuwapa nafasi. Vainer alimkanyaga, akaomba radhi, akamkanyaga tena, na Nives akazidi kumvuta karibu mpaka ikawa hakuna nafasi ya kukanyaga.

Zamu ya ngoma ikafika. Ermes akatoa ishara kwa kichwa, akageuka nyuma, akaona ufagio. Akatazama sakafuni. Huyu ndiye aliyebadilisha muziki wa bendi ile kila upepo ulipogeuka, na sasa kwa mara ya kwanza hakutaka kubadilisha kitu. Akarudi mwanzo wa duru, na filimbi na besi wakamfuata. Zamu ikafika tena, wakarudi tena. Bwana wa Torino alikuwa pembeni na mitambo yake ya kurekodi, jasho linamtoka, anawaonyesha kwa mikono kwamba santuri itajaa.

"Shemeji," Ermes aliita kutoka kwenye kinanda, "utaniambia mkimaliza."

Nives hakumjibu. Mumewe alikuwa anahesabu sikioni mwake, moja mpaka saba, moja mpaka saba, na Nives hakutaka kumpotezea hesabu.